Muhtasari wa njia umegoma: dalili, sababu na tiba kwenye maabara ya mazoezi

Kufupisha njia ni kutangaza mitandao midogo mingi kwa ruta nyingine kama njia moja pana. Amri yake ni mstari mmoja tu, na labda ndiyo maana inawasumbua wengi. Ukiikosea, IOS (mfumo unaoendesha ruta za Cisco) mara nyingi haikugombezi. Inaipokea, inanyamaza, na wewe unabaki unakodolea macho jedwali la njia ambalo halijabadilika. Anayejiandaa na mtihani wa Cisco wa ENARSI (300-410) hana pa kuikwepa, kwa kuwa utatuzi wa muhtasari wa mkono na wa kiotomatiki umetajwa wazi kwenye mada zake.

Kabla ya dalili yoyote, shika hili: muhtasari hukaguliwa kwa jirani, yaani ruta inayoupokea. Ruta iliyoutengeneza itaendelea kuonyesha njia zake ndogo zote, na ndivyo inavyotakiwa. Malalamiko mengi ya "haifanyi kazi" huishia hapo. Mtu alikuwa anaandika `show ip route` kwenye ruta isiyohusika.

Mifano yote hapa inatumia ruta tatu zilizopangwa mstari mmoja: TANGA, DODOMA, MBEYA. TANGA ina loopback nne (intafesi za kubuni ndani ya ruta), Loopback8 hadi Loopback11, zenye 172.16.8.1/24 hadi 172.16.11.1/24. Kati ya TANGA na DODOMA kuna 10.0.12.0/24, na kati ya DODOMA na MBEYA kuna 10.0.23.0/24. Muhtasari tunaoutaka ni 172.16.8.0/22, maski 255.255.252.0. Kwenye EIGRP, itifaki ambayo ruta hupeana njia kwayo, mchakato wetu ni namba 100. Kwenye OSPF, itifaki nyingine ya kazi hiyo, mtandao hugawanywa kwa maeneo (area): upande wa TANGA ni area 1 na upande wa MBEYA ni area 0.

Dalili: Nimeandika amri ya EIGRP, jirani haoni muhtasari wowote

Anza na ujirani wenyewe. `show ip eigrp neighbors` ikirudi tupu, achana na muhtasari kwanza. Tatizo lako ni la chini zaidi, pengine intafesi imezimwa au anwani hazioani.

Ujirani ukiwa hai, soma mstari uliouandika herufi kwa herufi:

```
TANGA(config)# interface GigabitEthernet0/0
TANGA(config-if)# ip summary-address eigrp 100 172.16.8.0 255.255.252.0
```

Kosa linaloongoza ni namba ya EIGRP. Mchakato ni 100, amri imeandikwa 10, na ruta haitalalamika. La pili ni intafesi. Muhtasari huwekwa kwenye intafesi unayotokea kwenda kwa jirani, siyo ile njia ndogo zilikotokea. Ukiuweka kwenye Loopback8 hautafika popote.

Vyote viwili vikiwa sawa, uliza kama kuna kitu cha kufupisha. EIGRP haitangazi muhtasari usio na hata njia ndogo moja iliyo hai ndani yake. Kama mstari wa `network` haukuzigusa loopback, au loopback zote zimezimwa, muhtasari hauzaliwi.

Hapa kuna mtego ninaouona hatari kuliko yote katika sehemu hii, kwa sababu unafanya kazi huku umevunjika. Mwanafunzi anaandika `network 172.16.8.0 0.0.0.255` akidhani amezichukua loopback nne; amechukua moja tu. Muhtasari wa /22 unatokea kwa DODOMA kama kawaida. Ping kwenda 172.16.11.1 inajibu, maana pakiti inafika TANGA na TANGA yenyewe imeunganishwa na mtandao huo moja kwa moja. Kila kitu kinaonekana kimekamilika. Siku Loopback8 itakapozimwa, muhtasari mzima utatoweka na mitandao mitatu iliyo hai itapotea nao. Ukaguzi ni mwepesi: andika `show ip protocols` kwenye TANGA, tafuta sehemu ya Address Summarization. Matoleo ya IOS 15 yanakuambia hata idadi ya njia ndogo zilizomo. Ukikuta 1 badala ya 4, rekebisha mstari wa network:

```
TANGA(config-router)# network 172.16.8.0 0.0.3.255
```

Sababu adimu zaidi ni mbili. Kama TANGA imewekwa `eigrp stub connected` (stub ni ruta ya pembeni isiyopitisha njia za wengine), muhtasari umezuiwa na amri hiyo; `eigrp stub` peke yake huruhusu njia zilizounganishwa pamoja na muhtasari. Na kama unatumia EIGRP ya kutaja jina, acha kuandika kwenye intafesi. Ingia kwenye `af-interface` ndani ya `address-family`, uandike `summary-address` huko.

Dalili: Muhtasari umefika, lakini njia ndogo nazo bado zipo

Kama ni njia zote ndogo zimebaki, kuna mlango mwingine. TANGA ikiwa na waya wa pili kwenda DODOMA, au kwenda MBEYA moja kwa moja, na muhtasari umewekwa kwenye intafesi moja tu, njia ndogo zinapita upande ule mwingine. Na kwa kuwa ruta huchagua maski ndefu zaidi kwanza, data yote itafuata waya ambao hukuufupisha. Weka amri ileile kwenye kila intafesi ya kutokea.

Kwenye OSPF, kosa la namna hii hutokea pale eneo moja linapokuwa na ruta mbili za mpakani, yaani zinazoliunganisha na eneo jingine. Umefupisha kwenye moja, ya pili inaendelea kumwaga kila kitu. Kwenye BGP, itifaki nyingine ya njia, `aggregate-address` peke yake hutangaza muhtasari pamoja na njia ndogo; ukitaka muhtasari tu, malizia mstari kwa `summary-only`.

Kama ni baadhi tu ya njia ndogo zimebaki, tatizo ni hesabu, na hapa inafaa kutulia.

Chukua mitandao 172.16.10.0 hadi 172.16.13.0. Ni minne, imefuatana, na mtu anasema minne ni /22. Siyo hivyo. Maski 255.255.252.0 hukata oktet ya tatu kwa vipande vya 256 − 252, yaani vinne vinne, na vipande hivyo huanzia 0, 4, 8, 12 na kuendelea. Namba 10 haigawanyiki kwa 4. Kipande chenye 10 kinaanzia 8 kinaishia 11, hivyo 12 na 13 zinabaki nje. Ukiandika oktet kwa biti unaliona bila kubishana:

```
10 = 00001010
11 = 00001011
12 = 00001100
13 = 00001101
```

Biti zinazofanana kwa zote ni tano za mwanzo. Kumi na sita za oktet mbili za kwanza ukijumlisha tano, unapata /21, na hiyo inameza 8 hadi 15. Una njia mbili: kubali /21 kama una uhakika kwamba 8, 9, 14 na 15 hazipo kwingine, au andika mihtasari miwili, 172.16.10.0/23 na 172.16.12.0/23. Mimi huchagua miwili. Mstari mmoja wa ziada hauna gharama, na utakutana baadaye hapa na dalili inayotokana na watu waliotaka mmoja.

Dalili: Kwenye OSPF amri imepokelewa, hakuna kilichobadilika

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na chanzo chake kikuu ni mazoea ya EIGRP. Kule unafupisha kwenye ruta yoyote unayotaka. OSPF haikubali. Ruta zote ndani ya eneo moja lazima ziwe na picha ileile ya eneo hilo, hivyo hakuna ruta ya katikati inayoruhusiwa kuficha kitu. Kufupisha kunawezekana sehemu mbili tu: kwenye mpaka wa maeneo, na pale njia za nje zinapoingizwa.

Kwa hiyo `area 1 range` iliyoandikwa TANGA itakaa kwenye config miaka mia bila kufanya lolote. Mahali pake ni DODOMA:

```
DODOMA(config)# router ospf 1
DODOMA(config-router)# area 1 range 172.16.8.0 255.255.252.0
```

Kama umeiweka DODOMA na bado, pitia haya kwa mpangilio huu.

Unatazama wapi? DODOMA yenyewe ni mkazi wa area 1, itaendelea kuziona njia zote nne. Nenda MBEYA. Huko unatakiwa kuona mstari mmoja unaoanza na O IA (njia ya OSPF kutoka eneo jingine):

```
O IA  172.16.8.0/22 [110/3] via 10.0.23.2, 00:01:15, GigabitEthernet0/0
```

Namba ya eneo ni ipi? Unaandika eneo ambalo njia zinatoka, siyo linakokwenda. `area 0 range` kwa mfano wetu ni kosa, hata kama akili inakuambia "naitangazia area 0".

Maski ni ya aina gani? Mstari wa `network` wa OSPF umekuzoesha kuandika maski iliyogeuzwa, 0.0.3.255. Mstari wa `range` unataka ya kawaida, 255.255.252.0. Toa `show running-config | section ospf` usome kilichoingia kweli.

Je, DODOMA ni ruta ya mpakani? `show ip ospf` inapaswa kusema kwamba ni area border router. Kama intafesi ya kwenda MBEYA imezimwa, au umeiweka nayo area 1, mpaka haupo.

Njia ziliingiaje? Kama loopback zililetwa kwa `redistribute connected`, MBEYA itaziona kama O E2 (njia za nje ya OSPF), na `area range` haizigusi kamwe. Hizo hufupishwa kwenye ruta iliyoziingiza, kwa amri nyingine:

```
TANGA(config-router)# summary-address 172.16.8.0 255.255.252.0
```

Mwisho, simulator. Packet Tracer haibebi amri zote za IOS, na orodha inabadilika toleo hadi toleo. Andika `area 1 ?` uone kama neno range limo. Kama halimo, hujakosea chochote. Hamishia zoezi GNS3 au EVE-NG.

Kuna jambo linalodhaniwa kosa na si kosa: kabla ya kufupisha, loopback zinaonekana kwa jirani kama /32 badala ya /24. OSPF hutangaza loopback kama anwani moja. Hazizuii muhtasari, zinaingia ndani yake vizuri tu. Ukitaka zionekane /24, weka `ip ospf network point-to-point` kwenye kila loopback.

Dalili: Kuna mstari wa Null0 ambao sikuuandika

```
D     172.16.8.0/22 is a summary, 00:03:12, Null0
```

Usiufute. Null0 ni intafesi ya kutupia pakiti, na mstari huu umeletwa na itifaki yenyewe ili pakiti inayokwenda kwenye sehemu ya muhtasari isiyo na mtandao halisi itupwe pale pale, badala ya kurudishwa ilikotoka. Mitandao halisi haidhuriki, kwa kuwa /24 inashinda /22.

Zima Loopback9, kisha piga ping 172.16.9.1 kutoka MBEYA. Utapata `U.U.U`. Hilo ni jibu sahihi: ruta inakwambia haina pa kukupeleka. Majaribio haya ya kuzima loopback moja ndiyo kipimo bora cha muhtasari wako. Washa `debug ip routing` kwenye jirani kwanza, zima loopback, utazame. Kama jirani hakusema neno, muhtasari unafanya kazi iliyokusudiwa.

Dalili: Ping ilikuwa inajibu, nimefupisha, sasa inapata U

Muhtasari wako umemeza mtandao usio wako. Mfano: MBEYA ina 172.16.14.0/24, na TANGA imetangaza /21 ya 8 hadi 15. Mradi DODOMA inaijua ile /24 kutoka MBEYA, hakuna tatizo. Siku mtu akifupisha upande wa MBEYA kuwa muhtasari mpana kuliko /21 hiyo, ile /24 haifiki tena DODOMA, pakiti zinaelekea TANGA na kufia Null0. Tiba ni kurudi kwenye biti na kubana muhtasari.

Sababu ya pili ni mbaya zaidi kwa kuwa inaua intaneti nzima. Watu hufupisha kila kitu kuwa njia ya msingi (default route, inayofuatwa na anwani zote zisizo na njia nyingine):

```
DODOMA(config-if)# ip summary-address eigrp 100 0.0.0.0 0.0.0.0
```

TANGA inapokea njia moja tu, jedwali linapendeza. Lakini DODOMA yenyewe imejitengenezea 0.0.0.0/0 ya Null0, na AD (administrative distance, kipimo cha kuaminika kwa chanzo cha njia) ya muhtasari wa EIGRP ni 5. AD ndogo ndiyo inayoaminiwa. Kama DODOMA ilikuwa inapata njia ya msingi kwa EIGRP kutoka juu (90 ya ndani, 170 ya nje) au kwa OSPF (110), imeshindwa na 5, na kila pakiti ya kwenda nje inatupwa. Njia ya msingi ya mkono (static) haidhuriki, yake ni 1. Angalia kwa `show ip route 0.0.0.0`. Ukiona Null0, pandisha AD ya muhtasari: kwenye matoleo ya zamani unaongeza namba mwishoni mwa amri ileile, kwa mfano 250, kwenye mapya unatumia `summary-metric 0.0.0.0/0 distance 250` ndani ya mchakato wa EIGRP.

Dalili: Traceroute inaruka kati ya ruta mbili hadi ichoke

Ni kitanzi, na karibu kila mara utakuta muhtasari ulioandikwa kama njia ya mkono (static). DODOMA ina `ip route 172.16.8.0 255.255.252.0 10.0.12.1`, TANGA ina njia ya msingi inayorudi DODOMA, na anwani unayoitafuta haipo. DODOMA inampa TANGA, TANGA inarudisha, mpaka TTL (idadi ya hatua ambazo pakiti inaruhusiwa) iishe. Njia ya mkono haikuwekei Null0 kwenye ruta ya upande wa pili, iweke mwenyewe:

```
TANGA(config)# ip route 172.16.8.0 255.255.252.0 Null0
```

RIP, itifaki nyingine ya njia, nayo haikuwekei, kwa hiyo fanya hivyo hivyo.

Dalili: Jirani anaona 172.16.0.0/16 ambayo sikuiandika

Ni `auto-summary`. Kwenye EIGRP ilikuwa imewashwa yenyewe kabla ya IOS 15. Kwenye RIP toleo la 2 bado inawaka mpaka uizime. Njia zinapovuka kwenda mtandao mkuu mwingine, hapa 10.0.12.0 ya mtandao wa 10.0.0.0, zinafupishwa hadi maski ya daraja lao la asili (A, B au C). Kama MBEYA nayo ina kipande cha 172.16, DODOMA inapata /16 mbili kutoka pande mbili, na ping zinajibu kwa baadhi ya anwani na kugoma kwa nyingine. Andika `no auto-summary`, basi.

Na RIP ikikataa kabisa `ip summary-address rip 192.168.4.0 255.255.252.0`, haijaharibika. Haifupishi kuvuka daraja, na 192.168 ni daraja C lenye /24.

Dalili: Ujirani wa EIGRP unakatika ninapoandika muhtasari

IOS za zamani huangusha ujirani na kuujenga upya. Mpya huandika `is resync: summary configured` na kuendelea. Maabara haina shida nalo. Kwenye mtandao wa watu, hilo peke yake linatosha kukufanya usubiri usiku.

Wapi uache na kumwita mtu

Kwanza, ukiona majirani usiowajua kwenye `show ip eigrp neighbors` au `show ip ospf neighbor`. GNS3 na EVE-NG zina nodi ya Cloud inayounganisha maabara na kadi halisi ya kompyuta yako. Ukiwa ofisini au chuoni, ruta yako ya mazoezi inaweza kuwa inatangaza muhtasari wake kwa ruta za kazi, na muhtasari wa 0.0.0.0/0 uliovuja unavuta data ya jengo zima kwenye laptopu yako. Chomoa waya au zima Wi-Fi hapo hapo. Usijaribu kusafisha kwa `clear`. Mpigie msimamizi wa mtandao, umtajie saa ilipoanza, anwani uliyokuwa unatumia na njia uliyotangaza.

Pili, kama ruta unayoishika inabeba kazi za watu. Muhtasari mmoja uliokosewa unakata tawi, na ukiwa umeingia kwa mbali unajikata na wewe. Hiyo ni kazi ya mhandisi wa zamu, ndani ya muda ulioidhinishwa. Naye ataanza na `reload in 10` ili ruta ijirudie yenyewe mambo yakiharibika, na `reload cancel` yakienda sawa, bila kuhifadhi config katikati. Kwenye ruta ya namna hiyo usiwashe `debug ip packet`, na usiguse `clear ip ospf process`.

Tatu, kama umepitia dalili yako yote, config ni sahihi, umewasha upya na bado. Hapo huenda ni image (faili la IOS unalotumia) au simulator. Jenga topolojia upya ya ruta mbili tu ujaribu. Ikigoma nayo, mpelekee mwalimu wako. Mpe matokeo ya `show ip route` ya ruta zote mbili, `show ip protocols`, na sehemu ya router kwenye config, kama maandishi, siyo picha ya skrini iliyokatwa nusu.